Kiuno kinauma, upige picha gani? Eksirei, CT skani au MRI, mwongozo kwa watu wa Mtwara na Lindi

Habari zenu ndugu zangu wa kusini. Msimu wa korosho ukiisha huku kwetu kila nyumba ina mtu ameshika kiuno, ameinama kuokota tangu alfajiri, amebeba magunia mpaka ghala la chama, kabla ya hapo alishavaa bomba la kupulizia dawa mgongoni shamba zima, alafu swali linalofuata siku zote ni lile lile, nikapige picha gani? Na majibu anayopewa mtaani ni ya kumtia hasara tu, mmoja anamwambia eksirei haioni kitu nenda MRI moja kwa moja, mwingine anamwambia piga zote uwe na uhakika. Kuna watu wanauza korosho kwa kangomba, bei ya kutupa, kabla hata mnada haujafika, ili wapate hela ya kipimo ambacho hawakukihitaji, na kuna wengine walikihitaji kile kile wakacheleweshwa mpaka miguu ikagoma. Yote mawili yananiuma.

Kabla ya hatua yoyote shika hili. Picha inachaguliwa na swali. Mashine kubwa au bei kubwa haifanyi picha iwe bora kwako. Kama swali ni mfupa umevunjika, picha yake ipo, kama swali ni mshipa wa fahamu umebanwa na kitu gani, picha yake ni nyingine, na kama daktari akiulizwa anatafuta nini hana jibu, basi hiyo picha isubiri kwanza. Mimi ni muuguzaji tu wa ndugu, nimekaa sana kwenye mabenchi ya nje ya vyumba vya picha, ila haya ninayoandika ndo yale yale yaliyomo kwenye miongozo wanayofuata madaktari wenyewe.

HATUA YA 1: Jikague dalili za hatari, hizi hazisubiri

Kubwa kuliko zote ni ganzi sehemu za siri na matakoni, yani ile sehemu yote inayogusa siti ya baiskeli, ukijisafisha chooni husikii mkono wako vizuri, alafu mkojo unagoma kutoka au unatoka wenyewe bila wewe kujua, choo kikubwa hivyo hivyo, na miguu yote miwili inaishiwa nguvu. Hapo lile fungu la mishipa ya fahamu inayoshuka chini ya uti wa mgongo limebanwa, inatakiwa MRI ya dharura na daktari wa upasuaji, na wataalamu wanataka upasuaji ufanyike mapema kadiri inavyowezekana, ndani ya masaa 48, ukichelewa uwezo wa kuzuia mkojo unaweza usirudi tena. Watu wa kwetu wanaona haya kulisema hili. Baba hamwambii hata mkewe, mama hawezi kumwambia mtoto wake wa kiume anayempeleka hospitali. Tafadhalini lisemeni. Kama unamuuguza mzee na unajua mambo ya chooni hakuelezi wewe, mtafute mjukuu anayetaniana naye amuulize, atajibiwa.

Alafu kuna kuanguka. Kijana kaanguka kutoka juu ya mnazi au mkorosho, au bodaboda imewamwaga, mgongo unauma, hapo picha ni siku hiyo hiyo. Na msimnyanyue kwa kushika mikono na miguu huku kiuno kinaning'inia, wala msimpakie mishikaki kwenye pikipiki, tafuteni ubao au ng'oeni mlango, mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja, kichwa kikiwa mstari mmoja na mgongo, ndo mumlaze. Kwa bibi na babu hata kuteleza kidogo uani kunatosha kuvunja pingili ya mgongo maana mifupa yao imeshapungua uzito, vile vile mtu aliyekunywa prednisoloni muda mrefu.

Nyingine: umewahi kuugua saratani yoyote (ya matiti, tezi dume, na nyingine), unakonda bila sababu, una homa za jioni, unatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa, unaishi na VVU, umeugua TB au umekaa nyumba moja na mgonjwa wa TB, maumivu yanakuamsha usiku na ukilala ndo yanazidi, mgongo umeanza kutoa kibiongo, mtoto mdogo analalamika mgongo, au wewe umevuka miaka 50 na haya maumivu hujawahi kuyapata maishani. Dalili moja pekee kama umri haina maana una ugonjwa mbaya, ila zikikaa mbili tatu pamoja usikubali kurudishwa nyumbani na panadol.

Na mguu mmoja unaozidi kuishiwa nguvu. Hii watu hawaioni mapema. Angalia kandambili, kama mguu mmoja kandambili inavuka yenyewe unatembea na hujui imebaki wapi, au unyayo unaburuza vidole kwenye mchanga, mwambie daktari hivyo hivyo kama ulivyoona.

HATUA YA 2: Kama hakuna hata moja, usipige picha kwanza

Najua hii haipendezi. Mtu anaumwa alafu unamwambia asipige picha. Lakini maumivu mengi ya kiuno yanatokana na misuli na viungo vidogo vya mgongo, yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache, na miongozo ya nchi nyingi inasema subiri mpaka wiki 6 kabla ya kufikiria picha kama hakuna dalili za hatari. Picha ya mapema haikufanyi upone haraka, hilo limeangaliwa mara nyingi na jibu ni hilo hilo.

Katika hizo wiki usilale kitandani. Siku moja mbili za kupumzika zinatosha, baada ya hapo tembea, fanya kazi nyepesi, acha kwanza kubeba ndoo kichwani na magunia, kanda kwa maji ya moto ukiona yanakusaidia. Dawa za maumivu umuulize mtaalamu maana diklofenaki na ndugu zake zinaumiza watu wenye vidonda vya tumbo, figo na presha, na huku kwetu watu wanachomwa sindano za diklofenaki duka la dawa kila wiki kama chanjo, sio salama. Na mtu mwenye dalili za hatari nilizotaja hapo juu asipelekwe kukandwa kwa nguvu au kunyooshwa mgongo na mtu yeyote, kama pingili imeoza au imevunjika unaweza kumpoozesha.

Maumivu yanayoshuka kutoka takoni mpaka chini ya goti, hadi kwenye vidole, na ganzi kidogo, hayo ni ya mshipa wa fahamu, mara nyingi diski (ile sahani laini iliyo kati ya pingili na pingili) imechomoza ikaugusa. Hata hayo mengi yanapoa ndani ya wiki 6 mpaka 12, na ile diski iliyochomoza mara nyingi inanywea yenyewe. Kama baada ya wiki 6 bado yanakutesa na daktari anafikiria upasuaji au sindano ya mgongoni, hapo ndo zamu ya MRI.

HATUA YA 3: Damu na mkojo vitangulie

Vipimo hivi ni vya bei ndogo, kituo cha afya wanaweza kuvifanya vingi, na vinasaidia kujua kama kuna haja ya kwenda mbali. Picha kamili ya damu, kipimo kingine cha damu kiitwacho ESR ambacho kikipanda sana kinaashiria kuna maambukizi au kitu kingine ndani, mkojo, kipimo cha VVU, na kwa wazee wa kiume daktari anaweza kuongeza kipimo cha tezi dume. Nimeona mtu katumwa MRI wakati shida ilikuwa mkojo mchafu umepanda mpaka figo, alikuwa na homa na anauma upande mmoja chini ya mbavu. Kikombe cha mkojo kingemaliza kazi.

HATUA YA 4: Sasa picha yenyewe

Eksirei. Inaona mfupa. Pingili kuvunjika, kusinyaa, mgongo kupinda, pingili kuteleza juu ya mwenzake, mfupa ulioliwa sana na ugonjwa. Diski haioni, mshipa wa fahamu haiuoni, usaha mdogo haiuoni. Ni ya haraka, ya bei nafuu kuliko hizo nyingine, na ipo karibu. Kwa mtu aliyeanguka, kwa bibi mwenye mifupa dhaifu, kwa mtu mwenye kibiongo, eksirei ni mwanzo mzuri. Ipigwe mbili, ya mbele na ya ubavuni, ya mbele peke yake inaficha mengi. Ila kwa kijana wa miaka 30 mwenye maumivu ya kawaida baada ya kubeba mizigo, haitakuambia kitu, itaandikwa "kawaida" au itaandikwa kitu cha kukutisha bure.

Na hapa kwenye eksirei nataka nikae kidogo kwa sababu ya TB ya mgongo. Hii TB inakula pingili, inapenda sana sehemu ya mgongo wa chini ya mbavu na kiuno cha juu, mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo na makohozi yakawa safi kabisa. Mwanzoni eksirei inaweza kuwa safi maana mfupa unatakiwa uwe umeshaliwa karibu theluthi au hata nusu ndo ionekane.

Mjomba wangu wa upande wa Tandahimba ndo yalimkuta. Maumivu yalianza usawa wa mbavu za mwisho, akapigwa eksirei sehemu moja akaambiwa picha haina shida, akaendelea kuchomwa sindano. Huku anakonda, kanzu yake ya Ijumaa ikawa inamcheza mabegani, usiku shuka linalowa. Alipopata daktari aliyemkalisha kwenye kitanda akapitisha kidole gumba pingili moja moja kutoka shingoni kushuka chini, alipofika pingili fulani mzee akaruka, na ukishika pale unasikia kimfupa kimetokeza. Daktari akaomba ile filamu ya zamani akaiweka kwenye taa, akatuonyesha, picha ilipigwa ya kiuno, imekata chini ya pale panapouma. Yani kilipigwa picha kisichouma. MRI ikaonyesha pingili mbili zimeliwa na usaha pembeni, akaanzishiwa dawa za TB, ambazo serikalini ni bure, za mgongo zinakwenda muda mrefu kuliko za kifua, na leo anatembea mwenyewe kwenda shambani. Kwahiyo dalili zikiwepo na eksirei ikasema safi, usikubali hadithi iishie hapo.

CT skani. Hii ni mionzi ile ile ya eksirei ila inazunguka na kukata picha vipande vipande, mfupa unauona kwa undani kabisa. Kazi yake kubwa ni ajali: pingili imevunjika vipi, vipande vimeingia kwenye mfereji wa uti wa mgongo au la. Inachukua dakika chache tu, kwahiyo majeruhi anayetapatapa au asiyeweza kulala kimya inamfaa. Pia ndo mbadala wa mtu asiyeruhusiwa kuingia MRI. Diski kubwa iliyochomoza inaweza kuonekana, ila mishipa ya fahamu na uti wenyewe (ile kamba kuu ya fahamu iliyo ndani ya mfereji) haivioni vizuri kama MRI.

Bei yake nyingine ni mionzi. Kila binadamu anapokea mionzi kidogo ya asili kutoka ardhini na angani, sasa eksirei ya kiuno ni kama kupokea mionzi ya asili ya miezi kadhaa, CT skani ya kiuno ni kama ya miaka miwili mitatu hivi. Kwa mtu aliyeanguka mnazini hiyo sio kitu cha kuogopa, faida ni kubwa mno. Kwa kijana mwenye maumivu ya kawaida, unajiongezea mionzi bila sababu. Dada zangu na mama zangu, kama kuna hata uwezekano mdogo una mimba, sema kabla hujalala mezani, kwa eksirei na kwa CT skani, usisubiri kuulizwa.

MRI. Haitumii mionzi, inatumia sumaku kubwa. Inaona diski, mishipa ya fahamu, uti wenyewe, uboho ndani ya mfupa, usaha, uvimbe. Hii ndo picha ya mkojo kugoma na ganzi ya matakoni, ya mguu unaozidi kuishiwa nguvu, ya TB na maambukizi mengine, ya saratani iliyohamia mgongoni, na ya maumivu ya mguu yaliyogoma wiki 6 na upasuaji unafikiriwa. Kama TB ndo inatafutwa muulizeni daktari kama ni vizuri kupiga mgongo mzima, kwa sababu TB inaweza kuruka, ikala pingili hapa na nyingine mbali na hapa. Ukimpeleka mtu MRI kwa maumivu ya wiki mbili yasiyo na dalili yoyote, umelipia picha ambayo haitabadilisha dawa wala mazoezi atakayopewa. Hilo ndo swali zuri la kumuuliza daktari, kwa adabu tu: "Dokta, majibu yakija hivi au vile, matibabu yangu yatabadilika?" Kama yatabadilika, lipia.

Utrasaundi. Nasikia watu wanaenda kupiga utrasaundi ya mgongo. Kwa mtu mzima haioni pingili wala diski kwa namna ya kusaidia hapa. Lakini inafaa sana pale ambapo mgongo unauma ila shida ipo mbele: mawe ya figo (maumivu ya ubavu mmoja yanakuja kwa mawimbi yanashuka kwenye kinena, mkojo una damu), figo iliyovimba, kizazi na mayai kwa akina mama wenye maumivu ya kiuno yanayokwenda na tumbo la chini, na mimba. Haina mionzi na ipo vituo vingi.

HATUA YA 5: Isome fomu kabla hujaondoka

Fomu ikiandikwa "maumivu ya mgongo" basi, anayesoma picha hajui atafute nini, atakuandikia kila kitu au hatakuandikia cha maana. Mwombe daktari aandike umri, maumivu yameanza lini, yako usawa gani hasa, yanashuka mguu upi, ganzi iko wapi, kama kuna kukonda, homa, VVU, saratani, ajali. Muonyeshe kwa kidole kimoja panapouma, sio kwa kiganja kizima, na kabla ya picha mwonyeshe na mpiga picha vile vile. Ile ya mjomba ingeokolewa na kidole kimoja.

HATUA YA 6: Unakwenda wapi

Usianze na mbali. Zahanati au kituo cha afya kwanza, kisha hospitali ya wilaya. Mtwara kuna Ligula ambayo ni rufaa ya mkoa, Lindi ni Sokoine, na kule Mitengo ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Watu wa Masasi na Nachingwea wengi wanakwenda Ndanda, wa upande wa Mtama wanakwenda Nyangao, ni hospitali za misheni za siku nyingi. Mambo makubwa ya upasuaji wa uti wa mgongo yanaishia Muhimbili, taasisi ya mifupa ya MOI.

Piga simu kabla hujapanda gari. Uliza vitu hivi kwa mpigo: mashine inafanya kazi leo, msoma picha yupo au majibu yanachukua siku ngapi, bei ni shilingi ngapi kwa sehemu ninayopiga (kiuno peke yake na mgongo mzima sio bei moja), na kama nina bima kipimo hiki kinahitaji kibali kwanza. Mtu katoka Liwale usiku kucha barabarani akafika anaambiwa mashine imelala tangu jana, hii inatokea, na simu moja ingemwokoa. Barua ya rufaa usiiache nyumbani maana bima bila rufaa ni ugomvi dirishani.

Kama ni Dar, kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, mgonjwa wa mgongo asikae siti ya nyuma kabisa kwenye mashimo, ashuke kila gari likisimama atembee hatua chache. Na kwa wagonjwa wa dharura msipange safari ya basi, ombeni gari la wagonjwa kupitia hospitali ya mkoa. Mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara upande wa Somanga, magari yakalala pande zote mbili, mgonjwa anayehesabiwa masaa hawezi kuwekwa kwenye bahati hiyo bila wahudumu.

HATUA YA 7: Siku ya kipimo

Eksirei haina maandalizi makubwa, unavua vyenye chuma, basi. CT skani kama itatumika dawa ya kuchoma mshipani utaulizwa kuhusu figo, kisukari na mzio, sema dawa zote unazokunywa, za hospitali na za mitishamba.

MRI ndo ina masharti. Ile sumaku haizimwi, inavuta chuma muda wote. Mwenye kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo, mwenye klipu ya chuma kichwani aliyowekwa kwenye upasuaji, mwenye kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, lazima aseme mapema, wengine hawaruhusiwi kabisa na wengine mpaka kifaa kichunguzwe. Mafundi wa kuchomelea, nyie semeni kama mliwahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni hata kama ni zamani na jicho halisumbui, chembe hiyo ikivutwa inaweza kukupofusha. Vyuma vya kuungia mfupa mara nyingi havina shida, ila navyo vitajwe, na kitanzi pia. Risasi au kipande cha bomu mwilini, sema. Vua hereni, kikuku, mkanda, pini za nywele, wigi lenye waya, na hirizi, maana nyingi zina bati au waya ndani, mpe ndugu aliyekusindikiza akushikie nje, utaivaa ukitoka.

Utalala kwenye bomba jembamba dakika 20 mpaka 45, mashine inagonga kwa kelele kubwa, unawekewa vizibo vya masikio na unapewa kitufe au mpira wa kubonyeza ukizidiwa. Ukiwa na vizibo sauti ile haikuumizi. Ukitikisika picha inaharibika na mnarudia, kwahiyo kama kulala chali kunakuuma mno waambie wakupe dawa ya maumivu kabla, na kama unaogopa sehemu finyu sema hapo hapo mlangoni, wakuingize miguu kwanza, fumba macho kabla hujaingia sio ukishaingia. Bibi mmoja tuliyekuwa naye alisoma Yasin yote kimoyomoyo mpaka wakamtoa, hakutikisika hata kidole.

HATUA YA 8: Ripoti isikuue kabla ya ugonjwa

Mama mdogo wangu wa Newala alipewa ripoti yake ikiwa na maneno kwamba diski kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imechomoza kidogo na kuna kuchakaa. Kijana mmoja akamtafsiria kwamba mgongo umeoza. Mwanamke ambaye maisha yake yote amepandisha maji kwa kichwa kutoka bondeni, aliacha kuinama, aliacha kushika jembe, akawa anatembea kwa kushika ukuta, na alikuwa anazidi kuumwa kwa sababu ya kukaa. Ilibidi daktari amwambie mbele yetu wote kwamba hilo ni jambo la umri wake na anaruhusiwa kufanya kazi, ndo akaanza kunyanyuka kidogo kidogo na mazoezi ya fiziotherapia.

Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za watu 3,110 ambao hawaumwi mgongo kabisa. Kuchakaa kwa diski kulionekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na kukapanda mpaka asilimia 96 kwa watu wa miaka 80. Diski kuchomoza ilianzia asilimia 30 ikafika 84. Hao ni watu wazima wa afya, hawana maumivu. Kwahiyo maneno kama kuchakaa, diski imechomoza, vimfupa vimeota, yana maana pale tu yanapokubaliana na dalili zako. Ripoti inasema diski imebana mshipa wa kulia na wewe unaumwa mguu wa kushoto, hiyo diski sio mwenyeji wa maumivu yako. Maneno ya kukufanya urudi kwa daktari siku hiyo hiyo ni mengine: uti wa mgongo umebanwa, usaha, pingili imevunjika, uvimbe, dalili za TB au saratani.

Usikubali kupewa filamu tupu. Dai ripoti iliyoandikwa na sidii kama wanatoa, piga picha ya ripoti kwa simu uihifadhi. Filamu usiikunje wala usiiache juu ya dashibodi ya gari kwenye jua, iweke bapa chini ya godoro au kwenye bahasha ngumu, na kila ukienda hospitali nyingine nenda nazo zote, hata za zamani, maana daktari mpya akiona ya zamani anaweza kulinganisha na asikutume upige tena. Kurudia picha kuna sababu zake: dalili mpya imetokea, mguu umeongeza udhaifu, umeanguka tena, au uko kwenye dawa za TB na daktari amepanga kuangalia. Kama maumivu ni yale yale na hakuna kilichobadilika, ile ile ya mwanzo bado inatosha, hela hiyo lipia fiziotherapia.